Mafuta Yanayoelea

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni viduara vya mafuta vikielea kwenye ndoo ya haja ya shangazi yake. Mafuta aliyajua, maana tangu aache shule kazi yake ilikuwa kusugua makarai. Lakini haya yalitoka kwa mtu, na choo chenyewe kilikuwa cheupe kama majivu.

Shangazi alikuwa mkaanga samaki, sauti yake ikitangulia harufu ya karai lake. Siku za karibuni alikonda, macho yakawa manjano, ngozi ikamuwasha. Dawa yake ilikuwa moja: kila chakula alikiongezea mafuta.

"Mafuta ndiyo mwili," alisema huku akijikuna. "Gari gani linakwenda bila mafuta?"

Kila akila, maumivu yalimkata chini ya mbavu za kulia mpaka akajikunja. Akasingizia gesi. Akasingizia husuda. Kimya, ambaye hata wateja walimpa jina hilo kwa uchache wa maneno, hakubishana. Asubuhi hiyo alizima jiko, akamshika mkono.

"Unanikokota kama mbuzi wa mnada!"

Kwenye zahanati, daktari alimfunua shangazi kope.

"Umanjano una sababu nyingi, mama. Choo ndicho kitakachonionyesha njia. Kikoje?"

"Kizuri tu. Choo cha mtu mwenye heshima zake."

Daktari akageuza kalamu. Kimya akahisi ulimi umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akaufungua hivyo hivyo.

"Ni cheupe. Kinaelea, na maji yanabaki na mafuta. Mkojo ni kama chai ya rangi."

"We mtoto!"

"Mwache aseme," daktari alisema. "Mama, karai lenye mafuta unaliosha kwa maji matupu?"

"Kwa maji matupu? Utasugua mpaka kiama."

"Basi tumboni ni hivyo hivyo. Ini linatengeneza nyongo, na nyongo inafanya kazi ya sabuni: inayavunja mafuta yawe matone madogo. Ndipo kongosho linatoa maji ya kuyakata, na utumbo unayafyonza. Njia yako ya nyongo nadhani imeziba, huenda ni jiwe. Mafuta unayokula mengi yanapita tu."

Shangazi akaduwaa. "Kumbe nanenepesha ndoo!"

"Na ukichelewa, maambukizi yataingia kwenye damu. Nenda hospitali kubwa leo hii, wakupime, na wakikuta jiwe walitoe."

Nje, shangazi alijitanda kanga kwa hasira.

"Umenianika mbele ya mwanamume kama chupi kambani!"

Kimya hakuinamisha macho.

"Nimekuanika. Na huko tuendako wakiuliza, nitakuanika tena. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye mama yangu, sikuwahi kukwambia."