Figo ya Kuomba na Vigae Vibichi

Dada mtu alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka makalio yakafa ganzi. Alikuja kupimwa, ijulikane kama figo yake moja itamfaa mdogo wake, fundi vigae. Mwenye shida hakutokea.

Daktari alikuwa ameshasema wazi: vidonge vya maumivu alivyomeza miaka yote bila kuandikiwa na mtu vimezila figo. Akiviacha, kilichobaki huenda kikamfikisha mbali. Akiendelea, atahitaji figo ya mtu. Fundi, bwana mkubwa, alisikia hilo la mwisho tu, akaenda moja kwa moja kwa dada yake kuomba figo.

Dada aliondoka hospitali, akamfuata kazini, akaingia kwa mlango wa nyuma. Fundi alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa sebule, miguu imevimba kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Kati yao kulikuwa na vigae vilivyopangwa muda huohuo.

"Mbona hukuja?"

"Nilishachanganya saruji, dada. Saruji haina subira."

"Figo ndiyo inayo?"

"Usianze. Wewe si upo?"

Akachomoa vidonge viwili mfukoni, akavimeza vikavu.

"Na hivyo?"

"Vya magoti. Hivi vyekundu havina nguvu."

"Bila hata maji."

"Nikinywa maji nitakwenda chooni, saruji ikauke. Fundi gani anaacha kazi akakojoe?"

Dada alimtazama. Mtu mzima, mwenye watoto, anashindana na kibofu chake mwenyewe na anajiona shujaa.

"Kwa hiyo nipasuliwe ubavu, nikupe figo, na hiyo nayo uimalize?"

"Si utabaki na nyingine," fundi alijibu, macho kwenye pima maji, akiangalia kama kigae kimelala sawa.

Dada akavua viatu, akaanza kutembea.

"Dada, usikanyage. Ni vibichi."

Alikanyaga. Taratibu, kwa uzito wake wote, kigae baada ya kigae, kila kimoja kikizama na kuinua pembe. Akamfikia, akachomoa vidonge mfukoni mwa fundi na kuvididimiza kwenye ndoo ya saruji.

Fundi alilia. Alipoambiwa figo zinakufa alipiga miayo, leo anatoa machozi kwa sakafu ya watu.

"Sasa kazi huna," dada alisema, akimsogezea dumu la maji. "Kunywa nikikuona, halafu twende hospitali. Figo yangu nitaiuliza kwanza kama inataka kuishi na wewe."