Chakula cha Ijumaa

Mke wangu Rusi ni Msabato, tena si wa kubahatisha. Ijumaa jua likianza kuteremka upande wa Kongo, nyumba yetu pale Bwera ilichangamka kama watu wanahama: maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, viatu vya watoto visuguliwe, chakula cha kesho kipikwe na kufunikwa. Jua likizama, moto unazimwa, wimbo unaanza, na kuanzia hapo hakuna atakayegusa kuni mpaka Jumamosi jioni.

Mimi naitwa Asiimwe, mbeba saruji katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilibatizwa Mkatoliki nikiwa mchanga na tangu siku hiyo sijamsumbua Mungu, naye hajanisumbua. Lakini aliyeteseka Jumamosi ni mimi. Umewahi kula bundu iliyolala? Huo ugali wa muhogo ukipoa usiku kucha, unaweza kuuchanganya na saruji ukajengea choo. Miaka yote ya ndoa nilinung'unika, na Rusi alinijibu neno lile lile: "Kula, Baba Phionah. Mungu hakukupa meno ya kuchekea tu."

Kisha Rusi akafungwa. Mwanamke jirani alizoea kuacha mbuzi wake waingie kwenye muhogo wetu. Siku moja wakarushiana maneno pale mpakani mwa shamba, Rusi akainua mpini wa jembe. Alipiga mara moja tu, na yule mwanamke akapoteza jicho. Wakili alimfundisha aseme alikuwa anajikinga. Rusi akasimama mbele ya hakimu akasema, "Hapana. Nilikuwa na hasira." Akapewa miaka mitatu. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia hakimu. Mtu anafunguliwa mlango, anaufunga mwenyewe kwa mkono wake, halafu mimi nibaki na watoto wawili na kitanda kipana! Mwaka ule wa 2014 nilijifunza kwamba kitanda kinaweza kuwa kipana mno. Nilikuwa nikilala ukingoni, upande wangu wa siku zote, na asubuhi nakuta upande wake haujakunjika hata kidogo.

Mwanzoni watu wa kanisa lake walikuja. Baadaye wakawa wanapunguza. Akabaki Docus peke yake, mama mmoja wa mtaa wetu, watoto walimwita shangazi, ambaye kila Sabato aliwapitia watoto akaenda nao kanisani. Wengine walinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi nikawapungia, basi.

Aliyeishika nyumba ni Phionah, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Aliichukua Sabato ya mama yake nzima nzima bila kuacha kipande. Ijumaa ananiamrisha nichote maji, namtii. Jua likizama anaimba, na mdogo wake Tsongo, wa miaka sita, anaitikia. Halafu kila Ijumaa anamwambia Tsongo maneno yale yale: "Saa hii Mama naye iko naimba kule. Wimbo hii hii. Tunaimba pamoja." Tsongo analala. Na mimi, mtu nisiye na dini ya kutajika, nilikuwa nakaa kwenye kizingiti nikiyasikiliza maneno hayo, na niseme kweli, ndiyo yaliyoniletea usingizi mimi pia.

Gereza alilopelekwa liko ng'ambo ya mji wa Kasese, na siku yao ya wageni ni Jumamosi. Kwa hiyo kila nilipoweza kwenda nilibeba chakula kilichopikwa Ijumaa. Rusi alikipokea kikiwa baridi, akafumba macho, akashukuru, akala kidogo. Lakini kila mara nilimkuta amepungua, gauni la njano la wafungwa likimning'inia mabegani, na mimi narudi nyumbani nikijilaumu kwamba mke wangu anakonda nami nampelekea mawe.

Ikafika Jumamosi moja nikasema liwalo na liwe. Alfajiri nikawasha moto. Nikasonga bundu, nikapika samaki aina ya ngege, wa kukaushwa kwa moshi, kwa karanga, nikatia kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko na kulifunga kwa majani ya mgomba na shuka kuukuu. Niligeuka nikamkuta Phionah amesimama mlangoni.

"Baba, leo iko Sabato."

"Najua."

"Mama hatakula."

"Atakula. Nitamwambia tulipika jana."

"Utamudanganya Mama?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia Sabato haijamnenepesha mtu, na kama yeye anataka mama yake afe njaa kwa ajili ya wimbo, aseme. Mtoto yule hakulia. Aliliangalia lile bakuli, akaniangalia mimi. "Sawa, Baba. Peleka. Lakini chakula hiyo itarudi yote. Utaona." Tsongo, aliyekuwa ameamka na kushika gauni la dada yake, akarudia, "Itarudi yote." Wakaingia ndani kuvaa, wamsubiri Docus.

Safari nzima hadi Kasese nililipakata lile bakuli, nikisikia joto lake mapajani. Nilikuwa nimefurahi, nisifiche. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwahi kumpa Rusi chakula cha moto siku ya Jumamosi.

Getini askari alinisimamisha. "Wewe, mzee! Fungua hiyo. Onja." Ndivyo wanavyofanya, uonje kwanza wewe mwenyewe wakuone umemeza. Nikaonja. "Ongeza na samaki." Nikaongeza. "Haya, pita, kaa pale."

Rusi akaletwa, akakaa upande wa pili wa benchi refu. Nilifungua mfuniko na mvuke ukampanda usoni. Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, ingawa kwa mvuke ule hata Tsongo asingedanganyika. Nikangoja anisute. Nikangoja afumbe macho, aombe msamaha kwa niaba yangu, asukume bakuli pembeni, kisha mimi nimbembeleze.

Rusi alimega tonge akala. Hakufumba macho, hakutikisa midomo. Alikula upesi, akachovya mchuzi, akatenganisha miiba ya samaki kwa ulimi, akapangusa bakuli kwa kidole mpaka plastiki ikawa safi. Mimi niliyeamka alfajiri ili nimwone akila hivyo, nikashikwa na hofu ambayo hata siku ya hukumu sikuipata.

"Mama Phionah," nikasema, "leo ni Jumamosi."

"Najua."

"Nimepika leo. Asubuhi hii."

"Si iko moto? Nimeona." Akalamba kidole. Halafu akaona uso wangu, akaweka mikono mapajani.

"Mwanzo nilikataa kulima shamba ya gereza Jumamosi asubuhi, mbele ya saa ya wageni," akasema. "Usifikiri walinipiga. Hapana. Afande alicheka tu, akasema haya, wewe baki. Benzangu yote wakaenda shamba. Nikabaki pekee yangu mu ile nyumba kubwa, nikaimba. Wimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba Phionah, hakuna mutu aliitika. Nilikuwa nasikia tu sauti yangu inapiga kwa ukuta inarudi. Nikarudia Jumamosi ingine, na ingine. Siku moja nikachukua jembe nikafuata benzangu."

"Na Ijumaa jioni?"

"Ijumaa jioni nachoka. Nalala."

Nilitaka kumwambia, kataa hicho chakula, Rusi, hata sasa, kitapike, nitukane, niambie Mungu hakunipa meno ya kuchekea tu. Ningefurahi angenitukana. Badala yake nikachukua mfuniko nikawa naugeuzageuza mkononi.

"Phionah bado iko naimba?" akauliza.

"Kila Ijumaa. Anamwambia Tsongo mnaimba pamoja."

Rusi akajifunika uso kwa pindo la gauni la njano. Mabega yake hayakutikisika, ndipo nikajua hata kulia amechoka. "Usiwaambie," akasema kutoka ndani ya nguo. "Ile mutoto ikijua, itaanguka."

"Sitawaambia."

"Haya, toka, toka!" askari akapiga kelele. "Bengine wanangojea!"

Gari nililopanda kurudi lilikomea Kisinga. Nilishuka, mfuko niliobebea bakuli ukagonga mlango, na bakuli likalia tupu humo ndani. Ndipo nikakumbuka. Itarudi yote, utaona. Nilikuwa nimemwahidi Rusi siri, kumbe siri yenyewe nimeibeba mfukoni, na kitu cha kwanza ambacho Phionah atafanya ni kufungua mfuniko.

Nikaingia kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara, ya mabati, sufuria zinachemka mlangoni. "Mama, kuna bundu?"

"Bundu iko. Na samaki iko."

"Ngege kwa karanga?"

"Kambare iko mingi. Ngege inaisha saa hii."

"Hapana, kambare siwezi. Mke wangu hali samaki asiye na magamba, dini yake inamkataza." Nilisema hivyo kwa ukali kabisa, kama mzee wa kanisa, kisha nikajisikia. Mke wangu yuko gerezani ameshiba. Chakula hiki hakitaliwa na mtu yeyote. Na mimi niko Kisinga siku ya Sabato nanunua, naulizia magamba! Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akanitazama vibaya. Alinichagulia ngege wa mwisho, akajaza bakuli, nikafunika, nikafunga na majani yale yale na shuka lile lile. Nikapanda boda. Jua lilikuwa limeshasogea juu ya Kongo.

Njia nzima nilifanya mazoezi. Mama amekataa. Ulisema kweli, Phionah, mama amekataa. Nilibadilisha sauti mpaka ikawa nzuri, hata mwendesha boda akauliza kama naongea na simu.

Watoto walikuwa uani wamekaa kwenye mkeka, bado na nguo za kanisani. Tsongo alikimbia akanishika mguu. Phionah alisimama palepale, mikono nyuma, akisubiri bila kuuliza.

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Amekataa. Chakula kimerudi chote."

Phionah akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu mama yake achukuliwe, na kwa dakika ile nilijiona mwanaume hodari. Tsongo akaruka ruka akiimba, "Imerudi, imerudi!" Phionah akanipokea mfuko kwa adabu, akapiga goti kidogo kama anavyofundishwa na watu wa mama yake, akafungua shuka, akatoa majani, akaliinua bakuli kwa viganja viwili alipeleke ndani.

Akasimama. Viganja vyake vilibaki chini ya bakuli, havisogei. Halafu akafungua mfuniko, kidogo tu, upande mmoja.

Chakula kilichopikwa alfajiri kilikuwa kinatoa mvuke jioni.

Aliniangalia. Hakukasirika. Alikuwa anangoja nimwambie kitu, chochote, na nadhani hata ningemwambia kwamba shuka lile linatunza joto siku nzima angejitahidi kuamini. Lakini mazoezi yangu yote yalikuwa ya neno moja, na lilikuwa limeshatumika. Nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua macho tabasamu lilikuwa limekwenda, na niliona wazi kwamba ameelewa yote mawili, uongo wangu na kula kwa mama yake.

"Mama alisema nini?" Tsongo akauliza. "Baba, Mama alisema nini akikataa?"

Nikafungua mdomo. Phionah akanitangulia.

"Alisema asante, lakini hii hapana," akasema, akikandamiza mfuniko mpaka ukalia. "Alisema tumupelekee ile ya Ijumaa."

"Na alisema anaimbaka?"

"Anaimbaka. Wimbo hii yetu."

Sauti yake haikutikisika hata kidogo. Mtoto aliyezaliwa na Rusi, Rusi aliyekubali miaka mitatu kuliko kusema neno moja la uongo mbele ya hakimu, alikuwa amejifunza kazi hiyo uani kwangu, kwa muda wa kufungua na kufunga mfuniko. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kumwambia weka chini, mwanangu, huo ni mzigo wangu, mimi nimezoea kubeba. Lakini Tsongo alikuwa katikati yetu akipiga makofi, na hakuna tuliloweza kuambiana.

Jua likafika ukingoni. Ni saa ya kufunga Sabato. Tukakaa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza nami nikakaa, sikubaki kizingitini. Phionah ndiye anayeomba siku zote. Hajawahi kumwachia mtu.

"Leo uombe wewe," akamwambia Tsongo.

"Mimi?"

"Wewe."

Tsongo akanyooka kwa fahari, akakunja mikono. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya shangazi Docus, na kwa ajili ya mandazi waliyopewa kanisani. Akamshukuru hasa kwa ajili ya Mama, kwa sababu amekataa chakula cha leo na iko na nguvu, na hivi karibu atakuya nyumbani. Alitaja kila kitu taratibu ili asisahau.

Nikamwangalia Phionah. Alikuwa ananiangalia. Tukaitika "Amina" kwa pamoja, kwa sauti kubwa, na katika nyumba yangu yote aliyekuwa amefumba macho ni Tsongo peke yake.