Gundi ya Chupa Mbili

Baada ya kumgandisha naibu mkuu wa shule kwenye kiti, mbele ya mkutano wa wazazi, Upupu alirudishwa nyumbani wiki mbili ili atafakari. Hakutafakari. Jina hilo alipewa bwenini kwa haki kabisa: alipokaa yeye, hakuna aliyetulia, naye mwenyewe wa kwanza. Karakana ya shangazi yake, fundi wa boti, aliizunguka kama nzi aliyefungiwa chupani, akigusa misumeno, akinusa rangi, akihesabu siku.

Zilibaki tatu. Jumatatu alitakiwa shuleni na barua yenye sahihi ya mlezi, la sivyo angekosa mtihani na kurudia kidato, dawati moja na mdogo wake. Mlezi mwenyewe alikuwa shangazi, na shangazi alikuwa na sharti.

"Ukingo wa boti hii umepasuka," alisema Ijumaa asubuhi, akiugonga kwa kidole. "Gundi zile pale. Wewe si bingwa? Chagua, unganisha. Nikiuegemea ukashika, natia sahihi."

Upupu alinyoosha mkono kwenye kichupa kidogo cha gundi ya haraka, rafiki yake wa tangu siku ya naibu.

"Hiyo inaweza suruali tu," shangazi alisema. "Boti ikitikisika, inakatika kama biskuti."

Akagusa ile nyeupe ya maseremala.

"Ya makabati. Ikikaa majini inarudi kuwa uji."

Ikabaki gundi ya chupa mbili, ambayo haifanyi kazi mpaka zichanganywe nusu kwa nusu.

"Inakauka kwa muda gani?"

"Siku nzima."

"Siku nzima, Shangazi! Si mtu anaweza kufa?"

"Kufa, ruhusa. Kuigusa, hapana."

Alichanganya juu ya kifuniko cha kopo, akapaka ndani ya ufa, akaubana kwa klampu mbili, vibanio vya skrubu. Kisha akaketi kwenye stuli dakika nne, rekodi ya ukoo. Dakika ya tano wasiwasi ulimwingia: je, kama imelegea? Akainuka, akazungusha klampu kidogo. Baada ya chakula akaikaza tena. Kabla ya kuoga, tena. Kila akikaza, tone la gundi lilichungulia, likadondoka, naye akafurahi, akiamini kazi inaiva.

Jumamosi asubuhi shangazi alivuta stuli ili akague ameketi. Stuli ikakataa. Akaivuta kwa mikono miwili. Ikakataa katakata: mguu mmoja ulikuwa umeganda kwenye sakafu, chini kabisa ya klampu.

Shangazi alimgeukia polepole. "Kiti tena?"

"Haki ya Mungu, Shangazi, hiki si mimi!"

Hakukiwekea mtego, hilo ni kweli. Lakini ukweli wake ulikuwa haujazoeleka.

Shangazi akauegemea ukingo. Kwach! Ufa ukaachama kama mdomo wa mtu anayecheka. Ndani, mbao zilikuwa kavu kama sahani iliyorambwa.

"Umeikamua gundi yote ikaenda sakafuni," shangazi alisema. "Mbao zilitaka kushikwa, wewe umezinyonga."

Upupu aliliona akilini dawati la mdogo wake, na mdogo wake akimsogezea nafasi.

"Nipe siku moja, Shangazi."

"Sikupi mimi; hiyo ndiyo iliyobaki."

Akapiga msasa, akafuta vumbi, akachukua chupa zilezile mbili bila hata kutazama nyingine. Akakaza klampu mpaka gundi ilipochungulia tu, akaacha. Kisha akaketi kwenye stuli isiyosogea, mikono chini ya mapaja. Klampu ilikuwa karibu naye kama sikio lake. Vidole vilimwasha. Magoti yalicheza yenyewe.

"Imekauka?" shangazi alimchokoza akipita mchana.

"Sijui. Sijaigusa."

Shangazi akasimama, akamtazama, akaenda zake.

Jumapili shangazi aliuegemea ukingo. Hakuridhika, akaukalia, mzima mzima, akajitikisa. Upupu alifumba macho. Hakusikia kwach. Alisikia shangazi akipekua droo, akitafuta peni.

Barua ilikuwa na nafasi: *Mlezi aeleze mwenendo wa mwanafunzi akiwa nyumbani.* Shangazi alifikiri, akaandika, akatia sahihi chini yake:

*Alikaa kitini siku nzima, bila gundi.*