Nukta Nyekundu za Kasuku

Ramani ilipowaka ukutani, mtafiti wa ndege alitambua kosa lake. Viota vyote vya kasuku vilikuwa pale, nukta nyekundu tupu. Na watafiti wa kasuku wana mwiko wao: nukta za kweli huonyeshwa kamati faraghani, na za kuonyesha watu husogezwa kando, maana wezi wa makinda nao wana macho. Yeye, katika pilikapilika za kuunganisha takwimu za timu zote, alikuwa ameleta ramani ya kweli kwenye mkutano wa wazi wa kugawa msitu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mtu asiyemjua aliinua simu akapiga picha.

"Tumekwisha, kaka," alimnong'oneza mkongwe wa timu za msituni aliyeketi kando yake. "Nimeanika kila kiota."

Mkongwe alitabasamu. "Tulia, dada. Tunakujua ulivyo msahaulifu. Nukta tulizisogeza sisi wenyewe kabla ya kukutumia takwimu. Mwache apige picha mpaka simu ipasuke, atakwea miti mitupu."

Moyo ukamtulia. Akanywa maji.

Kule mbele, mwenyekiti wa kamati alikuwa akizifuata nukta kwa kidole. "Basi tumekubaliana, mto ndio mpaka," alisema. "Upande huu wenye viota uwe hifadhi. Ng'ambo wapewe wakata magogo."

Mtafiti aliweka bilauri mezani polepole.

"Kaka, mlizisogezea wapi?"

Mkongwe alikuwa ameacha kutabasamu.

"Tulizivusha mto."