Kuya Ukule, Papa Félicien

Siku Syntiche alipojua kwamba wamemtoa kaka yake ndani ya wimbo, alikuwa uani kwao Kataki, mtaa wa Kalemie kando ya ziwa, anapara samaki. Wasichana wa jirani walikuwa wameegemeza simu kwenye beseni, wanafundishana kucheza. Akasikia gitaa analolijua, akasikia na sauti yake mwenyewe, akatabasamu, maana klipi waliyoingoja miezi minne ilikuwa imetoka. Kisha kiitikio kikafika. Pale ambapo yeye aliimba "Jacob eeh", sauti ya Chris, kiongozi wa orkestra, ilikuwa imechomekwa juu ya yake: "Papa Félicien eeh". Halafu sauti yake ikarudi kumalizia: "kuya ukule", yaani njoo ule.

Kisu kilimkata kidole wala hakusikia maumivu. Akawaambia wasichana warudishe nyuma. Wakarudisha. Mara ya pili ilikuwa vilevile.

Sasa, ili mjue hasira yake ilikuwa na ukubwa gani, lazima nianze na boti.

Jacob alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama Élisabeth, mwanamke wa Moba aliyeolewa Kalemie. Alipiga besi katika Orkestra Mapendano, na mdogo wake Syntiche aliimba. Miaka miwili iliyopita alikwenda Moba kumzika mjomba wake, akapanda boti ya Papa Félicien kurudi. Huyu Félicien ni mfanyabiashara, mzaliwa wa Kabalo, mji wa reli ulio mbali na ziwa. Ziwa alilijua kwa faida yake tu. Siku ile boti ilipakia mahindi, maharagwe na mbuzi, halafu watu wakapangwa juu ya magunia kama magunia mengine. Ilizama mchana kweupe, upepo wenyewe mdogo. Karatasi ya Félicien ilisema abiria thelathini na wanane. Akina mama waliolia ufukweni walikuwa wengi kuliko hao. Félicien akapeleka mchele na sukari kwenye matanga, akasema ni mapenzi ya Mungu, na kesi ikalala usingizi. Maiti ya Jacob haikuonekana.

Katika ukoo wa Mama Élisabeth, mtu akizama asionekane, wanawake wa nyumba yake wanashuka ziwani asubuhi saba. Wanaweka sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki mchangani, wanamwita kwa jina: kuya ukule. Wanamwita ili ziwa limwachie. Jina linaloitwa pale ni la mtu aliye ndani ya maji, na kama yupo aliye hai mwenye jina hilohilo, anatumwa mbali asije akaitika, maji yakamchukua. Ni kazi ya wanawake, na wanaume wengi waliokulia mjini hawaijui kabisa. Asubuhi ya saba Jacob hakuja. Syntiche akarudi nyumbani na ule mwito kichwani, akautilia maneno mengine, ukawa wimbo. Mapendano walipoupiga mara ya kwanza, watu wa Kataki walilia kwanza, kisha wakacheza, kama inavyotakiwa kwenye matanga.

Basi Syntiche hakumalizia hata wale samaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi, akamkuta Chris anasoma maoni ya watu kwenye simu, meno yote nje.

"Chris, Jacob iko wapi?"

Chris hakujifanya haelewi. "Dada, ile ni libanga tu. Unajua kazi yetu."

Alijua. Kwetu mwanamuziki anatupa libanga: anataja jina la tajiri ndani ya wimbo, na tajiri anafungua mfuko. Wote wanafanya, na hakuna anayeona haya.

"Libanga linatupwa mwanzo, linatupwa kwenye sebene watu wakiwa wanacheza," akasema Syntiche. "Wimbo una dakika sita. Kwa nini pale?"

"Kwa sababu pale njo watu wanakata. Kwa TikTok wimbo haina dakika sita, iko na sekunde kumi na tano. Papa Félicien alitaka jina yake ikae mu zile sekunde. Yeye njo alilipa kamera, drone, wachezaji wa Lubumbashi, yote."

"Boti yake njo ilimuua."

"Najua ilimuua nani. Jacob alikuwa rafiki yangu." Chris akaweka simu chini. "Lakini miaka kumi tunapiga kwa ndoa na kwa matanga, nani alitujua? Leo ndugu zetu walio Australia wanatuandikia. Jacob hana watazamaji, dada. Félicien anatuletea."

Jacob hana watazamaji. Syntiche aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Wazee walisema kufa kufaana, lakini hata wao hawakufikiria mtu auze nafasi ya maiti kwa mwenye boti.

Na klipi yenyewe, mngeiona. Félicien amevaa suti nyeupe, amesimama mbele kwenye boti. Boti, jamani. Wasichana wanamzunguka na sahani za samaki, wanapeleka mkono mdomoni kama wanaolishana, na yeye anashuka polepole kuja kula. Caleb, aliyelipiga lile gitaa linalowasisimua watu wote, anaonekana vidole tu, sekunde mbili. Syntiche haonekani kabisa. Yupo msichana wa Lubumbashi mwenye kiuno chembamba, anachezesha midomo juu ya sauti yake.

Ikaenda. Ikafika Uvira, Bujumbura, Kigoma, maharusi wakaingia ukumbini wanapeleka mkono mdomoni. Wasikilizaji wa Mapendano nao wakabadilika. Wale wa zamani, waliokuja na viti vyao na kuomba nyimbo za ujana wao, waliacha kuja. Wakaja vijana wa kujipiga video. Orkestra ikianza wimbo mwingine, simu zinateremka, watu wanaongea. Ikianza ule, simu zinapanda zote. Caleb alisema siku moja kwamba tangu wapate watu wengi hajasikilizwa na mtu hata mmoja, na hakuwa anatania.

Mama Élisabeth alijifungia ndani wiki nzima. Aliacha kukaa barazani, kwa sababu watoto waliotoka shule walipita wakiimba. Siku ya nane akamwambia Syntiche, akiwa anakoroga bukari, "Ile chakula nilimupikia Jacob. Sasa wamemufukuza kwa sahani yake." Akaendelea kukoroga. Syntiche akatoka nje, akapiga ukuta kwa kiganja mpaka kikavimba. Alitaka jambo moja tu, jina la kaka yake lirudi mahali pake.

Nafasi ikaja yenyewe. Klipi ilipofikisha watazamaji milioni moja, Félicien akaandaa tamasha kubwa, Jumapili alasiri, bure, lipigwe video na kurushwa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba wale wa Australia walikuwa wamegundua kwamba msichana wa kwenye klipi si mwenye sauti. Wakadai mwenyewe. Chris akaja Kataki kubembeleza.

"Nitaimba kwa kinywa changu," akasema Syntiche. "Hakuna playback."

"Sawa, dada. Nimekubali."

Jina gani ataliimba, Chris hakuuliza.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Félicien alikuwa mbele kabisa kwenye sofa aliyoletewa kutoka nyumbani, na suti ileile nyeupe. Caleb akaanza gitaa, simu zikapanda. Syntiche akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Kiitikio kilipofika akaimba kwa pumzi yake yote, "Jacob eeh."

"Félicien!" uwanja ukajibu, mikono yote mdomoni.

Akafikiri labda hawakusikia. Akaimba tena, Jacob. Wakapaza zaidi, Félicien, huku wanacheka, wakidhani anawachokoza ili wapige kelele. Mara ya tatu sauti yake ilikwaruza. Msichana mmoja wa mbele, mwenye uso mwema tu, akamwonyesha kwa midomo, taratibu, kama anayemsaidia aliyesahau: Fé-li-cien. Watu elfu kadhaa walikuwa wanamsahihisha juu ya marehemu wake mwenyewe.

Akanyoosha mkono. Caleb, ambaye alikuwa anamtazama muda wote, akanyamazisha gitaa, na ngoma zikafuata.

"Munanifundisha wimbo wangu," akasema Syntiche. "Sawa. Basi na mimi niwaambie ni wapi munamwita Papa Félicien."

Akawaeleza. Sahani, mchanga, asubuhi saba. Hakupaza sauti tena, na hakukuwa na haja. "Pale ni pa mufu wa ziwa. Jacob ndugu yangu alikuwa pale, ile boti ilimuzamisha. Mulimutoa, mukaweka mwenye boti. Sisi tulimwita Jacob asubuhi saba tu, ziwa halikutujibu. Papa Félicien ameitwa na watu milioni moja."

Kando ya ukuta walisimama wanawake wauza mandazi, watu wa Moba. Mmoja akaweka mikono kichwani, wa pili akafuata, na watu waliokuwa karibu nao wakaanza kusogea mbali na lile sofa. Félicien alikuwa bado anatabasamu, anangoja kuelezwa mzaha huu unaishia wapi. Dereva wake, kijana wa Kirungu, upande wa Moba, akainama akamsemesha sikioni. Tabasamu likaondoka.

"Zimeni zile simu," akasema.

Nani angezima? Watu elfu kumi na moja walikuwa wanatazama mtandaoni saa ileile. Kufika Jumatatu, maneno ya Syntiche yalikuwa yamekatwa sekunde kumi na tano, yakatembea mbio kuliko klipi. Chris akaamriwa na Félicien aifute klipi, akaifuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa imekaa katika kila simu kuanzia Kalemie mpaka Kigoma, na watoto hawakuwa wanahitaji simu kuuimba wimbo.

Jumatano asubuhi Félicien akaja Kataki mwenyewe, kwa miguu, mtu mmoja nyuma yake amebeba gunia la mchele. Mama Élisabeth akampa kiti. Kumkaribisha hakumkaribisha.

"Mama," akasema, "boti zangu mbili zimelala bandarini tangu Jumapili. Hakuna anayepanda. Wanasema mwenye boti anaitwa na maji." Alifuta uso. "Na mimi silali. Ninasikia jina yangu hata kwa jirani."

Akasogeza kiti mbele.

"Tufanye klipi mupya. Jina ya Jacob peke yake. Drone, wachezaji, yote, mimi nalipa. Syntiche ataonekana mwenyewe, na wewe Mama. Mimi nitoke tu."

Moyo wa Syntiche uliruka, na mimi simlaumu. Ndicho alichokitaka. Jacob katika simu zote, Jacob katika vinywa vyote, mpaka Australia. Akamtazama mama yake.

Mama Élisabeth alikuwa anamtazama Félicien. "Boti ilikuwa na watu wangapi?"

"Thelathini na wanane, Mama. Imeandikwa."

"Sikuuliza karatasi."

Félicien akatazama viatu vyake. "Mia moja," akasema. "Na kidogo."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo, si kwa polisi, si kwa padri.

"Taja majina yao," akasema Mama Élisabeth.

"Jacob," akajibu haraka.

"Mwingine."

Akafungua mdomo. Akasema kulikuwa na mwalimu mmoja, na mwanamke mwenye mapacha. Mama Élisabeth akasema ameomba majina. Jasho lilikuwa linamtoka Félicien, na jina halikuja hata moja. Mia moja na kidogo, na aliyemjua ni yule aliyemsikia kwenye wimbo alioununua.

Hapo Syntiche akaona ni nini alichotaka kukipokea kwa mikono miwili. Félicien alikuwa ameinunua nafasi ya Jacob ili aingie ndani ya wimbo, na sasa alikuwa amekuja kulinunua jina la Jacob ili atoke. Hasira ikamrudia.

"Papa Félicien, klipi mupya hatutaki," akasema. "Ile nafasi uliitaka, ukaipata. Kaa palepale. Tafuta mama zao, nyumba kwa nyumba, uulize majina. Ukiweza kuyataja yote, kuya hapa, nitaimba upya."

"Mama?" akasema Félicien.

"Umesikia mutoto," akajibu Mama Élisabeth. "Na mchele wako uende nao."

Akainuka. Nje, wasichana wa jirani walikuwa na simu yao kwenye beseni, na walipomwona wakaizima haraka. Ila kwenye kibanda cha barabarani kulikuwa na spika, na mwenye kibanda hakumwona. Sauti ya Syntiche ikamwita njoo ule. Félicien alikuwa na mazoea ya kupunga mkono kila aliposikia jina lake katika wimbo ule. Safari hii aliinamisha kichwa, akapita haraka, hakuitika.