Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Jiwe lisilo na jina hurudishwaje mahali lilipowekwa? Suzana alijiuliza swali hilo akiwa amesimama juu ya kilima, viganja vyake vikiwa vyeupe kwa chokaa.

Kwa wiki mbili yeye na wenzake wanane wa chuo kikuu walikuwa wakiifufua njia ya mahujaji, ile inayoanzia Kisesa na kukata vichaka hadi kilima kinachotazama ziwa. Walifyeka nyasi, wakaziba makorongo. Kisha Suzana akaliona lundo kubwa la mawe kileleni, karibu na msalaba, akafurahi: mawe ya kupanga kandokando ya njia yamepatikana bila kusombwa kutoka mbali. Waliyashusha yote, wakayapaka chokaa. Njia ikapendeza. Wageni wa parokia wangekuja Jumamosi kuizindua.

Alhamisi asubuhi akapanda Bibi Hellen, muuza dagaa wa Sengerema, miguu peku, kama apandavyo kila mwaka. Suzana alimwamkia shikamoo kwa bashasha, akingoja kusifiwa. Bibi aliitikia marahaba, akatazama mahali palipokuwa na lundo, akakaa chini.

Alieleza polepole. Kila hujaji hubeba jiwe kutoka nyumbani kwake, kwa ajili ya mtu mmoja, akalitua hapo. La kwake alilivusha kwa kivuko miaka kumi na tisa iliyopita, kwa ajili ya binti yake Dorcas, aliyefariki akijifungua.

"Sasa mmeyapaka kama mawe ya uwanja wa shule," alisema. "Dorcas angecheka sana. Mimi bado sijaweza."

Suzana alipiga magoti, akaomba radhi, akaahidi kulitafuta jiwe hilo hata kama ni kukwangua chokaa yote kwa kucha. Aliuliza lilikuwa na rangi gani, ukubwa gani. Bibi akatikisa kichwa.

"Usilitafute, mjukuu wangu. Nililiweka juu ya la mtu, na mtu mwingine akaweka lake juu ya langu. Halikuwa peke yake."

Alasiri, wenzake walipokusanyika, Nathaniel, katibu wao, alishauri waweke kibao cha maelezo tu, na lundo jipya lianzishwe baada ya uzinduzi. Wageni walikuwa wamekwishaalikwa na picha za njia zilikuwa zimesambaa. Wengine wakaguna kukubali. Suzana aliitazama mistari miwili myeupe ikiteremka hadi bondeni, kazi aliyojivunia kuliko mtihani wowote aliowahi kufaulu. Akainama, akang'oa jiwe la kwanza, akalipakata.

"Tunayaosha yote ziwani na kuyapandisha kwa miguu, moja moja," alisema. "Wageni wakija Jumamosi watatukuta njiani, nami nitawaambia kwamba kosa ni langu."