Eda Ndani ya Helikopta

Alasiri moja Fakihi Likwata, Katibu Kata, alikuwa ofisini kwake akikwangua mkia wa helikopta kwa wembe. Kijiji kizima cha Azimio kilikuwa kwenye shamba la pamoja kikipalilia mihogo, isipokuwa wagonjwa, vikongwe na yeye. Mlango aliurudishia, dirisha akaliacha wazi kwa ajili ya gundi, maana gundi ile ilikuwa na harufu ya kuumiza kichwa. Mezani, kati ya mhuri wa kata na kopo la kalamu, alitandaza gazeti, na juu ya gazeti akapanga vipande vya plastiki ya kijani, vingine vidogo kama punje ya mtama. Alivikata kimoja kimoja kutoka kwenye vijiti vilivyovishikilia, akavisugua kwa msasa, akavijaribu, ndipo akavitia gundi.

Helikopta ilikuwa zawadi. Mwaka uliotangulia, mwaka 1974, Bwana Kornelio, mkubwa wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, aliahidi kwamba kata itakayomaliza mapema itatunzwa. Fakihi alimaliza siku tisa kabla ya wenzake wote. Watu wakadhani watapewa trekta, wakalijengea banda kabisa. Siku ya siku Bwana Kornelio alishuka garini na sanduku la karatasi ngumu kwapani, akalikabidhi mbele ya umati, na umati ukapiga makofi kwa adabu. Banda wakafungia mbuzi.

Maelezo ndani ya sanduku yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, lakini yalikuwa na picha. Ubavuni paliandikwa moja kwa sabini na mbili, na Fakihi, aliyefika darasa la nane, akaelewa kwamba ni helikopta ya jeshi iliyopunguzwa mara sabini na mbili. Hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, na la watu wengine. Mikanda ya viti, ambayo haikuwemo sandukuni, aliitengeneza kwa nyuzi alizochomoa kwenye pindo la kanga ya mkewe, Esha. Alama za jeshi alizilowesha kwenye kisosi cha maji, akazitelezesha ubavuni kwa ukucha. Kwenye bomba la moshi alipaka masizi ya kibatari, na tumboni, kwa unyoya wa kuku, akapaka vumbi jekundu la barabara. Ilipendeza. Alipoitazama alisahau mambo mengi, na kusahau ndiko alikokutaka.

Mwishoni mwa Aprili alibandika kioo cha rubani. Kesho yake alipofungua ofisi alimkuta shangazi yake, Mwahija, ameketi ndani ya helikopta nyuma ya kiti cha rubani, kajifunika shuka nyeupe, kanyoosha miguu. Urefu wake ulikuwa wa korosho moja iliyobanguliwa vizuri. Alikuwa amekufa tangu Desemba.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Mlango wako huu mgumu.”

“Gundi haijakauka sawasawa.”

“Basi uache hivyo hivyo. Sitoki. Nimekuja kumalizia eda yangu, imebaki miezi mitatu kamili.”

Fakihi akavuta kiti akaketi. Si kwamba alishangaa. Aliona haya.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa Mtepela, kitongoji alichozaliwa Fakihi mwenyewe, walikuwa wazito kuhama. Walikuwa na mikorosho iliyoanza kuzaa vizuri, na makaburi ya wazee wao. Fakihi akawaambia kwamba atakayebaki atafuatwa na helikopta ya jeshi, itakayomwezulia paa kwa upepo wake na kumbeba yeye na kitanda chake. Hakuna mkubwa aliyemtuma kusema hivyo. Aliibuni mwenyewe akiwa juu ya baiskeli. Ilitosha. Watu wakapanda malori siku hiyohiyo, wakaacha mpaka mtama jikoni.

Akabaki Mwahija. Hakubaki kwa ubishi. Mumewe, mzee Pazi, alikuwa amekufa siku arobaini nyuma, na mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyofiwa, hatoki, hajipambi, wala haonwi na wanaume wasio maharimu wake. Alimwambia mwana wa kaka yake kwamba helikopta ije tu, itamkuta, ila yeye mwenyewe hawezi kuvuka kizingiti. Lori lilikuwa likinguruma, jua linapanda. Fakihi akamwambia, “Shangazi, nimekwisha kumwuliza Maalimu Abdurahmani. Amesema kwa hali hii unaruhusiwa.”

Maalimu Abdurahmani hakuwa ameulizwa neno. Mwahija, ambaye alimlea Fakihi tangu akiwa wa kutambaa, akajifunika shuka, akapanda lori katikati ya wanaume na mbuzi. Paa la nyumba yake lilikuwa limeezuliwa tangu angali anafunga sufuria zake. Azimio alipewa kiwanja namba sitini na tatu, nguzo nne bila makuti, na mvua za kwanza zikamkuta humo. Homa haikumweka hata wiki mbili. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Esha, aliyemwosha, alirudi nyumbani siku ile akamwambia mumewe kitu kimoja tu, kwamba shangazi alikuwa amebaki mifupa. Tangu hapo alikuwa akimwandalia chakula na kumpa kisogo.

“Ulisema helikopta itanifuata,” alisema Mwahija. “Sikuiona mpaka nikafa. Nikajua tu, Fakihi akisema jambo hulifanya, amechelewa kidogo. Sasa ndiyo hii, na ina paa.”

Habari hazikai ofisini. Kufika Ijumaa wanawake wote wa Azimio walijua kwamba Mwahija yuko kwa Katibu anakaa eda, na wakafanya kama inavyofanywa. Walikuja kwa zamu, wanasalimu, wanaketi sakafuni, wanampa habari za mihogo. Esha alimletea chakula mara mbili kwa siku, punje moja ya wali na tone la mchuzi kwenye ncha ya ujiti wa fagio. Akakata pia utepe wa kanga akashona pazia la madirisha, ili wanaume wanaokuja kulipa ushuru wa ng'ombe na kushtakiana wasimwone mjane. Hata hivyo wanaume, kwa heshima, walijifunza kuingia ofisini kinyumenyume.

Fakihi akaendelea kuitengeneza helikopta, maana hakuwa na njia nyingine ya kuomba radhi. Aling'oa viti vya askari vinne ili shangazi apate pa kulala. Akamsukia mkeka kwa uzi mmoja wa ukindu alioupasua mara sita. Mlangoni palikuwa na bunduki ya mtutu mrefu iliyomzuia kusujudu. Akaikata kwa wembe akaitia kwenye droo. Helikopta yenyewe aliielekeza kaskazini, kibla, na akachora mstari wa chaki mezani ili isisogezwe. Kila alichokifanya shangazi alimshukuru, na kila shukrani ilimchoma. Mara tatu alifungua kinywa amwambie ukweli kuhusu Maalimu, na mara tatu akaishia kumwuliza kama joto limezidi.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake humo, Maalimu Abdurahmani mwenyewe alikuja kumjulia hali. Aliketi nje, chini ya dirisha la ofisi, mgongo kaupa ukuta. Alikuwa amefungua vitabu vyake vyote. Hakuona panapomlazimisha maiti kumalizia eda, alisema, wala panapomkataza.

“Nakushukuru, Maalimu,” Mwahija alisema, na sauti yake, ingawa ndogo, ilifika. “Na ile ruhusa uliyonipa kule Mtepela nakushukuru pia. Ingawa ilinitia uzito.”

“Ruhusa gani, bibie?”

Fakihi alikuwa na kipande cha msasa mkononi. Akaendelea kusugua panga la helikopta ambalo lilikuwa limekwisha kulainika tangu wiki iliyopita.

“Ya kuhama nikiwa edani.”

Maalimu aligeuza kichwa kuelekea dirishani. “Mimi sikuulizwa,” alisema. “Ningeulizwa ningejibu. Mwenye eda huhamishwa kwa dharura, nyumba ikiwa inamwangukia au akivamiwa na adui. Fakihi, wewe ulikuwa lipi katika hayo mawili?”

Uso umeumbwa na haya, lakini wa Fakihi siku ile ulibeba zaidi ya ulivyoumbiwa. Maalimu akajikung'uta kanzu, akaaga, akaenda zake. Jua likaanza kuegemea magharibi, upande wa Likawage.

“Basi hapa nisihamishwe,” alisema Mwahija.

“Hutahamishwa, shangazi.”

“Sema wallahi.”

“Wallahi.”

Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, Fakihi alilala fofofo.

Bwana Kornelio alifika katikati ya Juni. Maonyesho ya Sabasaba yalikuwa yanakaribia huko Lindi, na kila kata ilitakiwa kupeleka kitu cha kuonyesha maendeleo. Azimio haikuwa nacho. Mihogo ilikuwa bado vidole, na mikorosho ilibaki mahameni Mtepela ikimezwa na msitu. Bwana Kornelio akazungusha macho ofisini, akaiona helikopta.

“Hii hapa,” alisema. “Ndugu Katibu, mikono yako ni ya mhandisi.”

“Kuna mtu ndani, mkubwa.”

Bwana Kornelio akainama, akasogeza pazia kwa ncha ya kalamu, akachungulia. “Namwona. Ni nani?”

“Shangazi yangu. Yuko edani.”

“Imebaki muda gani?”

“Mpaka siku ya maonyesho yenyewe, zitakuwa zimebaki siku ishirini.”

“Sabasaba ni tarehe saba, ndugu yangu. Haisogezwi.” Alisema bila ukali, kama mtu anayesikitika naye. “Wewe ndiye uliyehamisha watu mia sita kwa siku nne. Mtu mmoja atakushinda?”

Hapo ndipo Fakihi alipaswa kusema hapana. Neno alikuwa nalo, alilihisi limekaa chini ya ulimi. Hakuogopa kufungwa wala kupigwa. Bwana Kornelio hakuwa mtu wa kupiga. Aliogopa tu kuonekana ameshindwa, yeye ambaye hajawahi kushindwa. Akatikisa kichwa, na kichwa hicho kikatikisika kwa kukubali.

“Pazia uliondoe,” alisema Bwana Kornelio akiwa mlangoni. “Helikopta ya jeshi haiwi na maua ya kanga. Na bunduki iko wapi? Picha ya sanduku ilikuwa na bunduki.”

Fakihi akaitoa bunduki kwenye droo. Akasugua mahali alipoikata, akatia gundi tone moja, akaibana kwa vidole mpaka akahesabu mia. Kazi ilikuwa safi, huwezi kujua kama iliwahi kung'olewa. Kisha akakata uzi wa pazia kwa wembe.

“Unafanya nini, Fakihi?”

“Naitengeneza, shangazi.”

Mwahija akamtazama, halafu akageuka, akajifunika shuka mpaka utosini. Siku lori lilipokuja kuichukua helikopta, Esha alipoleta ujiti wa fagio jioni alikuta chaki tu mezani. Aliuvunja ule ujiti, akaketi palepale sakafuni akalia kwa sauti, na Fakihi akatoka nje asimsikie. Asubuhi ile ni yeye mwenyewe aliyewaelekeza vijana wa lori: wasiishike kwa mkia, mkia ni mwepesi kuvunjika, washike kwa chini.

Lindi waliiweka kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Ilipata cheti cha pili. Cha kwanza kilichukuliwa na muhogo wa Milola uliolingana na mtu. Waandaaji walipoona kwamba watu wanabanana wachungulie ndani, walileta kioo cha kukuzia, wakakifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, na wanaume wakapanga foleni. Walikuwa wanaume wa kila mahali, wa Milola, wa Mchinga, mabaharia, askari, watoza ushuru. Kila mmoja aliinama, akafumba jicho moja, akamwangalia mjane kwa muda aliotaka. Wengine walisema ametengenezwa vizuri. Wengine walisema huyo ni mtu, wakaulizana ana nini hata ajifunike hivyo.

Fakihi alipanga foleni. Alikuwa amekusudia kumwomba radhi, hata kama ni mbele ya watu, na maneno aliyatengeneza njia nzima kutoka Azimio. Zamu yake ilipofika akainama. Helikopta ilikuwa imeelekezwa jukwaani, na shangazi alikuwa amejigeuza peke yake, amebanwa kati ya kiti cha rubani na mtutu wa bunduki, akitafuta kaskazini.

“Nani huyo?” aliuliza Mwahija chini ya shuka.

Fakihi akasikia sauti ya Bwana Kornelio nyuma yake, akimweleza mgeni kutoka Dar es Salaam kwamba kazi hii ni ya kijana wake mmoja hodari sana, na kwamba ikitoka Lindi inakwenda Mtwara, ikitoka Mtwara, Songea.

“Umesimama muda mrefu, na pumzi zako nazijua,” alisema shangazi. “Kama ni mtu wangu, sema, nipate kufunua uso nivute hewa kidogo.”

Jasho lilimtiririka Fakihi mpaka kwenye kioo. Akakifuta kwa mkono wa shati, akamkabidhi mtu aliyemfuata, akaenda kusimama upande wa malori.